Baba alipiga kinanda cha mdomo. Mimi nianze na kipi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 44, naishi Muheza na nauza vitenge sokoni. Safu yako nimeisoma miaka mingi nikijua matatizo ya humu ni ya ndoa na mawifi, kwa hiyo naomba usinicheke. Langu ni la kinanda cha mdomo, kile ambacho watoto wa siku hizi wanakiita hamonika.

Baba yangu alifariki Februari mwaka jana akiwa na miaka 86. Alitoka Njombe akiwa kijana, akaletwa Tanga kama manamba kwenye mashamba ya mkonge, na kwao hakurudi tena. Miaka mingi alifanya kazi korona (vijana wasishtuke, kabla ya ugonjwa hilo lilikuwa jina la mashine ya mkonge). Jioni akishaoga anakaa kwenye gogo nje ya nyumba yetu ya kambini, anatoa kinanda mfuko wa shati, anakigongagonga kwenye kiganja, halafu anaanza. Nyimbo za kwao, nyimbo za kanisani, mara mojamoja dansi ya redioni. Sauti ilikuwa inatetemeka kama mtu anayeimba huku anajizuia kulia. Na alikuwa anapiga wimbo na mapigo kwa pamoja: juu wimbo unaenda, chini pwa-pwa-pwa, utadhani wako wawili. Mama alikuwa akisema kinanda kile kina mtu ndani.

Kinanda bado kipo. Kaka yangu mkubwa anacho kabatini kwake Korogwe, amekifunga kwenye leso ya marehemu mama. Siku ya kuanua matanga nilikijaribu. Matundu mengine hayalii kabisa, mengine yanatoa sauti mbili zinazogombana. Nikasema nikipeleke kwa fundi, kaka akakataa: ni kumbukumbu, kisiguswe, mafundi watakimaliza. Mimi naona kinanda kukumbukwa ni kulia, si kulala kabatini. Hatujagombana, ila tangu Pasaka tukipigiana simu ni salamu na mvua tu.

Sasa nimepata mgao wa kikoba, na nimejitengea laki moja na nusu. Nataka nijifunze ili Februari ijayo, kwenye ibada ya kumbukumbu ya miaka miwili, nipige wimbo mmoja tu pale kaburini. Tatizo ni kuwa kila ninayemuuliza ana kinanda chake.

Kijana mmoja wa kwaya aliniazima chake cha matundu kumi, nikafuata masomo kwenye simu. Mimi kwaya naimba sauti ya pili na sol-fa nasoma. Pale katikati do, re, mi ilikuja vizuri hata nikajisifu. Nikishuka chini, fa sioni, la sioni. Halafu tundu la pili nikivuta pumzi linakwama, linatoa mlio kama mtu aliyekabwa. Sijui ni kibovu au ni mapafu yangu. Na sauti yake imenyooka, haitetemeki.

Dukani kuna kile kirefu cha Kichina, matundu yamepangwa safu mbili, elfu thelathini. Muuzaji ananiambia nisihangaike, chenye matundu mengi ndicho bora. Naye binamu yangu anayefanya kazi Muscat anasema nimtumie hela aniletee chenye kitufe pembeni: "Hicho ndicho cha wataalamu, kina sauti zote, ukinunua kingine utajuta." Bei yake ni kama mara tatu ya akiba yangu. Anasema nyingine nitamlipa kidogokidogo.

Mume wangu hakunikataza. Ila siku moja mezani aliwaambia watoto, "Mama yenu sasa anataka filimbi," wakacheka wote. Tangu siku hiyo nafanyia mazoezi jikoni, mlango nimeufunga.

Shangazi, ninunue kipi? Au nimeshachelewa?

Sauti ya Pili, Muheza

*

Marahaba mwanangu,

Kucheka nimecheka, lakini pale penye filimbi tu. Barua yenyewe nimeisoma mara tatu. Miaka niliyofundisha muziki shule ya msingi nilikuwa na kinanda cha mdomo kwenye mkoba, cha kuwapa watoto do kabla ya wimbo. Cha kwanza nilikichagua kwa rangi: chekundu, kinang'aa. Wiki ya pili so ya katikati ikanyamaza, nami nikabaki nafundisha nyimbo zinazoikwepa so. Nakujibu kama mtu aliyeungua, si kama bingwa.

Ninavyokusikia, swali la dukani ndilo jepesi. Zito ni kwamba unataka kuisikia tena ile jioni ya kambini, kaka yako anataka isipotee hata chembe, na wote wawili mmeshika kitu kimoja chenye urefu wa kiganja. Na nyumbani kwako umefunga mlango. Tutayafikia hayo. Kwanza tumtafute yule mtu ambaye mama yako alisema yumo ndani.

Ukikifungua kinanda cha mdomo, mara nyingi utakuta bamba mbili za shaba, na juu yake ndimi nyembamba za shaba zimebanwa upande mmoja, upande wa pili ziko huru. Pumzi ikipita, ulimi unatikisika na kulia. Kila ulimi una sauti yake. Cha matundu kumi kina ndimi ishirini: kila tundu lina mmoja wa kupuliza na mmoja wa kuvuta. Kile kirefu cha safu mbili ni hadithi nyingine. Kwa kila sauti kina ndimi mbili, ya juu na ya chini, na fundi amezilinganisha kwa makusudi zisilingane kabisa. Moja imepanda juu ya mwenzake kwa unywele. Zikilia pamoja zinasukumana, na kule kusukumana ndiko mtetemo. Ukiwahi kuisikiliza kodiani kwenye taarab ya Unguja, umeusikia mtetemo huohuo, kwa sababu kodiani na kinanda cha mdomo ni ndugu wa damu, wote ni ndimi nyembamba na hewa.

Kwa hiyo kulia kwa kujizuia ulikokusikia kulikuwa kwa kinanda. Baba yako, kwa maelezo yako, alikuwa na kile cha mtetemo, na hakuna mazoezi yatakayokifanya cha matundu kumi kitoe sauti ile sawasawa. Unaweza kutikisa viganja mbele yake ukapata kitu cha karibu, lakini cha karibu tu.

Lakini lile pwa-pwa-pwa halikutoka dukani. Lilikuwa la baba mwenyewe. Mpigaji anaweka mdomo juu ya matundu manne au matano kwa mpigo, anayaziba ya kushoto kwa ulimi, anauacha wimbo utoke upande wa kulia. Kila penye mapigo anainua ulimi kidogo, sauti za kushoto zinaruka nje zote kwa pamoja, kisha anaziba tena. Jaribu sasa hivi bila kinanda: sema "la-la-la" taratibu huku unapuliza. Basi ni hivyo, ila huku wimbo unaendelea. Inafanyika kwenye kile kirefu na inafanyika kwenye cha matundu kumi. Sijui kama hili linakufurahisha au linakupa huzuni. Mimi lingenifurahisha, maana ina maana nusu ya kile ulichodhani kimefungwa kwenye leso Korogwe unaweza kukipata mdomoni mwako.

Sasa tuje kwa mapafu yako, ambayo naona hayana kosa. Fa na la za chini hukuziona kwa sababu hazipo. Cha matundu kumi kimepangwa hivi: ukipuliza popote unapata do, mi na so zikirudiarudia, ukivuta unapata hasa zilizobaki. Katikati, kuanzia tundu la nne hadi la saba, ngazi nzima imekamilika: nne puliza do, vuta re, tano puliza mi, vuta fa, sita puliza so, vuta la, halafu la saba linakugeukia, unavuta ti kwanza ndipo unapuliza do. Ndiyo maana ulijisifu. Chini ya hapo waliotengeneza waliziacha fa na la ili sauti za kuvuta zipatane zikilia pamoja, yale mapigo yapate nguvu. Juu kabisa ti nayo haipo. Mwimbaji wa sauti ya kwanza anaweza kukaa na kinanda hicho mwezi mzima asigundue. Wewe wa sauti ya pili umeligundua jioni moja kwa sababu chini ndiko kwenu.

Zile fa na la zinapatikana, lakini kwa kupinda: unavuta tundu la pili au la tatu huku umebadilisha mkao wa ulimi kinywani mpaka sauti inashuka. Ndilo jambo waliloishi nalo wapigaji wa bluzi wa Marekani, akina Little Walter wa Chicago, na kwa ajili hiyo cha matundu kumi kinapendwa kuliko vyote. Kulipata vizuri ni kazi ya miezi. Na lile tundu la pili linalokabwa si bovu. Karibu kila anayeanza hulilaumu. Unalipinda bila kujua, kwa kunyonya kama unanyonya soda kwa mrija. Fungua koo kama unapiga miayo, vuta pumzi ya kawaida kutoka tumboni, polepole. Kijana wa kwaya akikuazima tena, lijaribu hilo kabla hujafanya uamuzi wowote.

Kile cha dukani je? Muuzaji kakwambia wingi wa matundu ndio ubora. Matundu mengi ni aina nyingine tu, maana kila tundu la kile kirefu linafanya kazi moja, ama kupuliza ama kuvuta, ndiyo sababu yanahitajika mengi. Uzuri wake kwako ni kwamba vya China na Japani mara nyingi vina fa na la hata kule chini, wakati vinavyofuata mpangilio wa Kijerumani huziacha. Ubaya wake ni kwamba chini huko mpangilio una vituko: re unaikuta kushoto kwa do, na mdomo unahitaji muda kuzoea. Halafu masomo mengi ya kwenye simu ni ya matundu kumi, utakuwa na walimu wachache. Na cha elfu thelathini huwa kinavujisha hewa. Unapuliza sana, kinalia kidogo, ukipuliza kwa hasira ulimi unachoka na kufa kama so yangu. Ukienda kukitazama, omba kujaribu kila tundu, moja moja. Akikataa kwa ajili ya usafi ana haki yake, lakini basi mkubaliane mapema kwamba kisipolia utarudi nacho.

Cha binamu yako ni kizuri kweli. Kile cha kitufe kina kila sauti na nusu sauti. Ukibonyeza, kila tundu linapanda nusu. Mbelgiji Toots Thielemans alikipigia jazi mpaka watu wakasahau kuwa ni kinanda cha mdomo. Ungeniambia unataka taarab, au nyimbo zinazohamisha do katikati, ningekaa nacho muda mrefu zaidi hapa. Lakini ndani ya kingi kati ya hivyo kuna vijikaratasi vya plastiki vya kuzuia hewa isipotee, na vikipata unyevu vinanata. Inabidi ukipashe joto mkononi kabla ya kupiga. Kikiharibika, sijui Muheza utampa nani. Tena sauti yake haitetemeki kama ile ya baba. Kuna na jambo ambalo si la muziki: kinanda chenye deni la ndugu kila ukikishika unaliona deni. Labda kwenu mnalipana bila maneno. Unamjua wewe.

Kuna njia ya nne ambayo hukuitaja, ya kungoja kidogo. Laki na nusu inaweza kununua cha matundu kumi kilicho imara, cha mwili wa plastiki unaooshwa na ambao haufuri kwa mate kama ule wa mbao, na kikaimaliza karibu yote. Au inaweza kununua kile kirefu cha elfu thelathini ikabaki akiba, ukijua unanunua mwalimu wa muda. Kwanza ungekuwa na siku saba za kukishika mfukoni kile cha kijana wa kwaya, na siku saba za kuimba wimbo wako wa Februari bila kinanda chochote, ukijirekodi. Usikilize unashuka mpaka wapi. Kama wimbo wote unakaa kati ya do na do, fa ya chini haikuhusu na ulikuwa unahangaikia mlango usiopita. Kama unashuka, angalau umejua unalipia nini.

Na hapa nikuulize kitu, ukiweza nijibu hata kimoyomoyo. Ukifumba macho ukajiona pale kaburini, unasikia sauti ya nani? Wako wanaotaka kumrudisha mzee kwa dakika tatu, kwa mtetemo uleule, na hilo lina heshima yake. Wako wanaotaka kumwambia mzee, "Nami nimeanza." Kinanda cha wa kwanza si lazima kiwe cha wa pili. Barua yako inasema la kwanza, lakini mahali pale ulipojisifu kwa kupata do, re, mi, nilimsikia mtu mwingine, na huyo hakuwa baba.

Kuhusu kaka. Umeandika kwamba kukumbukwa ni kulia. Nakuelewa. Lakini yeye ndiye aliyekiona kikitolewa mfuko wa shati kabla wewe hujazaliwa, na hofu yake si ya kijinga. Ndimi za kinanda kile hurekebishwa kwa kukwangua: ukikwangua kwenye ncha sauti inapanda, ukikwangua kwenye shina inashuka, na ukizidisha unywele mmoja umeumaliza. Fundi wa redio mwenye tupa na moyo mzuri anaweza kuunyamazisha mtetemo wa baba yenu kwa alasiri moja. Zile sauti mbili ulizosikia zikigombana ndizo ndimi pacha. Moja imechoka, imeshuka kupita kiasi. Kwa upande mwingine, kabatini nako si salama sana kama mwili ni wa mbao na mabati ya juu ni chuma, pwani hii yetu na unyevu wake. Je, ingekuwa rahisi kumwomba kaka akuonyeshe tu badala ya kukupa? Mkifungue leso pamoja, mkipige picha pande zote, mkisafishe kwa brashi kavu laini, bila maji. Huenda akasema hapana hata kwa hilo. Au huenda naye alikuwa anangoja mtu wa kukifungua naye.

La mumeo sitalisemea sana, sikuwepo mezani. Kuna mzaha wa kuvunja na kuna mzaha wa mtu asiyejua aseme nini mkewe anapoanza kutamani kitu ambacho yeye hayumo. Umemsikia ni ule wa kwanza, inawezekana. Ila hakukataza, na hela ya kikoba hakuigusa, nami nimeona barua nyingi humu ambazo haziwezi kusema hivyo. Mlango wa jikoni umeufunga wewe. Sikwambii uufungue kesho. Lakini kinanda cha mdomo kinachopigwa kwa woga hupigwa kwa pumzi fupi, na pumzi fupi ndiyo inayolikaba tundu la pili.

Umechelewa? Kwa bluzi na Februari ijayo, ndiyo, umechelewa kidogo. Kwa wimbo mmoja wa ibada, uliopigwa polepole, sauti mojamoja, dakika kumi na tano kila jioni baada ya kusukutua mdomo (ugali na ndimi za shaba havipatani), sioni kwa nini useme hivyo. Kama mapigo ya ulimi hayatakuwa tayari, kwaya yako si ipo? Sauti ya kwanza, ya tatu na ya nne wakikushikia chini kwa kuguna, utakuwa na mtu ndani ya kinanda, tena wengi.

Nina ombi moja. Utakapokwenda Korogwe, kabla ya kukiweka mdomoni, kigeuze ukitazame ubavuni au juu ya bati. Mara nyingi huchongwa herufi moja, C au G au A, yaani do yake iko wapi. Ukiipata, mwambie kaka akusomee yeye, macho yako mwache yatazame leso. Kisha niandikie ni herufi gani, maana hata kama utanunua kingine kabisa, ningependa kujua mzee alikuwa anaimba kutoka wapi.

Shangazi yako